Sura ya 6: Meli ya Nyota Hukatikia Wapi?

Alasiri ya tarehe 30 Desemba 2024, pete kubwa ya chuma ilidondoka kutoka angani ikatua katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Upana wake ulikaribia mita 2.5 na uzito wake kilo 500. Shirika la Anga la Kenya liliichukua, na katika taarifa yake ya kwanza likasema kwamba ilikuwa pete ya kutenganishia, yaani sehemu ya roketi inayoshikanisha vipande viwili mpaka wakati wa kuachana ufike. Vyuma vya aina hiyo hutarajiwa kuungua vinaporudi kwenye hewa ya dunia, au kuangukia baharini mbali na watu.

Maelezo hayo yalizaa swali. Mtu mwenye akili ya kufika angani anawezaje kuunda chombo kinachojimega njiani? Mbona asijenge kitu kimoja kizima, kiende na kirudi kama kilivyo?

Swali hilohilo huwasumbua vijana wanaochora meli za nyota. Meli ya nyota ni chombo cha kubuni kinachosafiri kutoka nyota moja hadi nyingine. Hakuna aliyekijenga hadi leo, kipo kwenye filamu, vitabu na michezo ya kompyuta. Kijana wa Riruta, Nairobi, anapotazama kwenye simu yake meli ikigawanyika, nusu ikaenda vitani na nusu ikatoroka na watoto, ana haki ya kujua kama jambo hilo lina mantiki au ni mbwembwe za watengenezaji filamu.

Mantiki ipo. Tena ndiyo inayotenganisha meli inayoaminika na mchoro mzuri tu. Wachoraji wengi huanza na vipande: injini hapa, chumba cha rubani pale, bawa upande huu. Historia ya vyombo halisi inaonyesha kwamba pa kuanzia ni kiungo, yaani mahali vipande vinaposhikana na vitakapoachana.

## Mzigo uliokwisha kazi

Kenya ina uzoefu wa karibu na roketi zinazojimega. Kati ya mwaka 1967 na 1988, Waitaliano wakishirikiana na Wamarekani walirusha setilaiti tisa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama juu ya bahari karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu pako karibu na ikweta, ambako uso wa dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi inayoelekea mashariki huanza safari ikiwa tayari na kasi hiyo.

Setilaiti mashuhuri kuliko zote zilizotoka pale ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka nyota za mbali. Roketi iliyoibeba, Scout, ilikuwa na ngazi nne. Ngazi ni kipande cha roketi chenye mafuta yake na injini yake. Ya kwanza iliwaka, mafuta yakaisha, ikaachwa. Ya pili ikapokea kazi, nayo ikaachwa. Vivyo hivyo hadi ya nne.

Sababu ni uzito. Ili kitu kizunguke dunia bila kuanguka, kinahitaji kasi ya takriban kilomita 28,000 kwa saa. Kufikia kasi hiyo kunadai mafuta mengi, mafuta yanadai matangi makubwa, na tangi likishakuwa tupu linabaki kuwa chuma kinachobebwa bure. Kila kilo ya chuma hicho hula mafuta ambayo yangeusukuma mzigo wenyewe. Ndiyo maana tangi tupu hutupwa.

Roketi ya Saturn V, iliyowapeleka watu mwezini, ilikuwa na urefu wa mita 110 na uzito wa karibu tani 2,900. Ngazi yake ya kwanza iliteketeza zaidi ya tani 2,000 za mafuta kwa muda wa dakika mbili na nusu hivi, kisha ikaangukia bahari ya Atlantiki. Kilichorudi tarehe 24 Julai 1969 kikiwa na watu watatu wa safari ya Apollo 11 kilikuwa chumba chenye umbo la pia, upana wake haufiki mita nne. Vingine vyote viliachwa njiani.

Siku hizi si lazima kila kinachoachwa kipotee. Setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilipaa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka Vandenberg, Marekani, kwa roketi ya Falcon 9, ambayo ngazi yake ya kwanza huundwa ili irudi itue wima na kutumika tena.

Hesabu hiyo haibadiliki hata safari ikiwa ya kubuni. Kati ya mwaka 1973 na 1978, chama cha Uingereza kiitwacho British Interplanetary Society kilipanga kwenye karatasi meli ya nyota isiyo na abiria, Daedalus. Ilikusudiwa kwenda kwenye nyota ya Barnard, ambayo mwanga wake huchukua karibu miaka sita kutufikia, kwa kasi ya asilimia 12 ya kasi ya mwanga. Safari ingechukua takriban miaka 50. Wahandisi hao walikuwa huru kuipa umbo lolote, wakaishia kuigawa ngazi mbili: ya kwanza ilibeba tani 46,000 za mafuta, ya pili tani 4,000. Hata kwenye ndoto, tangi tupu lilitupwa.

Kwa ufupi: chombo hujimega kwanza kwa sababu kubeba kitu kilichokwisha kazi ni hasara.

## Sababu nne za kuachana

Kupunguza uzito si sababu pekee. Ukikusanya vyombo halisi na vya kubuni, utaona vinaachana kwa sababu kuu nne.

1. Kutupa mzigo. Hii ndiyo ya Scout, Saturn V na Daedalus. Kinachoachwa hakihitajiki tena.

2. Kugawana kazi. Apollo 11 ilipofika mwezini iligawanyika. Chombo kiitwacho Eagle kilishuka na watu wawili, na Columbia ikabaki ikizunguka juu na mtu mmoja. Eagle yenyewe ilikuwa na vipande viwili: cha chini chenye miguu kiligeuka jukwaa la kurushia, kikabaki mwezini, na cha juu kikawarudisha abiria. Miguu ya kutulia mwezini haina kazi njiani kurudi duniani, na ngao ya kuhimili joto la kurudi duniani haina kazi mwezini.

3. Kubadilisha mzigo. Katika tamthilia ya vikaragosi ya Uingereza, Thunderbirds, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1965, ndege ya uokoaji Thunderbird 2 ina tumbo linalochomoka. Kuna matumbo kadhaa ya akiba, kila moja na vifaa vyake, na rubani huchukua linalofaa kwa ajali ya siku hiyo. Katika filamu ya Alien ya mwaka 1979, meli ya Nostromo ni ya kukokota tu. Nyuma yake inavuta kiwanda kizima cha kusafishia madini, na hukiacha angani inapolazimika kushuka kwenye sayari.

4. Kujiokoa. Sehemu moja ikiharibika, nyingine huondoka na watu. Ndiyo sababu inayopendwa kuliko zote kwenye filamu, na ndiyo ngumu zaidi kuiandika vizuri, kwa kuwa mwandishi hushawishika kuitumia kila anapokwama.

Mchoraji anayeanza na achague sababu moja. Meli inayoachana kwa sababu zote nne kwa pamoja ni ngumu kueleweka, na msomaji hatajua ni lini ahofu na lini atulie.

## Kiungo ndicho chenye hadithi

Treni ya abiria iendayo Kikuyu hupita Kibera na Dagoretti kila siku ya kazi, na wakazi wengi wa Riruta wanaijua kwa mlio. Treni ni chombo cha vipande: injini mbele, mabehewa nyuma, na katikati yake vyuma vya kushikanishia. Wengi hudhani behewa likikatika litabingirika ovyo hadi ligonge kitu. Katika treni nyingi duniani, mambo ni kinyume. Mpira wenye hewa iliyoshindiliwa hupita kutoka injini hadi behewa la mwisho, na hewa hiyo ndiyo inayozuia breki zisikamate. Behewa likikatika, mpira nao hukatika, hewa hutoka, na breki hukamata pande zote mbili zenyewe. George Westinghouse wa Marekani aliunda mfumo huo mwaka 1872.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kujifunza kuhusu kiungo: kikiachia, kwa kupangwa au kwa ajali, kila upande ubaki salama bila kungoja mtu abonyeze kitu. Angani, chombo kimoja kilikosa hilo, na watu watatu wakafa.

Tarehe 30 Juni 1971, chombo cha Umoja wa Kisovieti, Soyuz 11, kilikuwa kinarudi na Georgi Dobrovolsky, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev baada ya siku 23 angani. Soyuz ina sehemu tatu: chumba cha mbele cha kukaa na kufanyia kazi, chumba cha katikati cha kushukia, na sehemu ya nyuma yenye injini. Kabla ya kuingia kwenye hewa ya dunia, baruti ndogo hulipuliwa ili kuzitenganisha, na cha katikati tu hurudi. Siku hiyo mtikiso wa kuachana ulifungua vali, yaani kilango kidogo cha hewa, kilichotakiwa kufunguka karibu na ardhi. Hewa yote ikatoka chombo kikiwa juu sana. Chumba kilitua vizuri, mwavuli ukiwa umefunguka kama kawaida, na waokoaji walipofungua mlango wakakuta wote watatu wameshakufa. Hawakuwa wamevaa suti za kuwahifadhia hewa. Tangu hapo wasafiri wa Soyuz huzivaa wakati wa kupaa na kushuka.

Kiungo kinaweza pia kukataa kuachia. Januari 1969, Boris Volynov alikuwa peke yake akirudi ndani ya Soyuz 5, na sehemu ya nyuma ikagoma kutoka. Chombo kikaingia kwenye hewa kimegeuka, upande mwembamba mbele na ngao ya joto nyuma. Aliokolewa na moto wenyewe: uliunguza vyuma vilivyoshika sehemu ile, ikachomoka, na chumba kikajigeuza. Alitua kwa kishindo kilichomvunja meno, akaishi.

Jambo la tatu ni vipimo. Aprili 1970, tangi la oksijeni lililipuka kwenye Apollo 13 njiani kuelekea mwezini. Watu watatu walihamia chombo cha kutulia mwezini, Aquarius, kilichoundwa kuwatunza wawili kwa takriban siku mbili. Walikihitaji kwa karibu siku nne. Hewa waliyokuwa wakiitoa ilianza kuwa sumu. Vichujio vya kuisafisha vilikuwepo vya kutosha katika chumba kikuu, ila vilikuwa vya mraba, na matundu ya Aquarius yalikuwa ya mviringo. Wahandisi walioko duniani walibuni namna ya kuviunganisha kwa mfuko wa plastiki, jalada la kitabu cha maelekezo, mpira wa hewa na utepe wa gundi, wakawasomea maagizo kwa redio. Wote walirudi salama tarehe 17 Aprili.

Vyombo viwili vilijengwa na makampuni mawili, na hakuna aliyewaza kwamba kimoja kingelazimika kuvaa kichujio cha kingine. Mwandishi wa hadithi angekuwa ameshapata sura nzima kwenye mraba na duara.

Kwa ufupi, kiungo kina maswali matatu:

- Kikiachia kabla ya wakati, nani yuko hatarini?
- Kikigoma kuachia, kuna njia gani nyingine?
- Vilivyoachana vikikutana tena, au na chombo cha mtu mwingine, vitaingiliana?

## Kila kipande na upungufu wake

Meli ya kubuni inayoachana inayojulikana kuliko zote ni Enterprise-D, iliyoundwa na mchoraji Andrew Probert kwa ajili ya tamthilia ya Star Trek: The Next Generation. Ilionekana ikigawanyika katika kipindi cha kwanza kabisa, mwaka 1987. Sehemu ya juu ni sahani kubwa yenye makazi, shule na familia za mabaharia. Sehemu ya chini ina injini za kuzidi kasi ya mwanga. Vita vikija, sahani huenda mbali na watoto, na sehemu ya chini huenda kupigana.

Wazo ni zuri, nalo lina kasoro yenye faida. Sahani haina injini za kuzidi kasi ya mwanga. Ina injini za polepole tu. Ikiachwa katikati ya nyota, itahitaji miaka mingi kufika popote. Walioko ndani wameokoka vita, lakini ni wafungwa wa umbali hadi wenzao warudi. Hapo ndipo penye hadithi.

Licha ya hayo, katika misimu saba ya tamthilia hiyo meli iligawanyika mara chache tu. Tendo linalochukua dakika nzima kwenye kioo hupunguza kasi ya kisa, na mtazamaji akiliona mara kumi huzoea. Katika filamu ya Star Trek Generations ya mwaka 1994, waandishi walilitumia kwa uzito wake: sehemu ya chini ililipuka, mawimbi ya mlipuko yakaisukuma sahani, ikaanguka juu ya sayari na watu wake wote. Ikawa mwisho wa meli ile.

Upungufu mwingine ni wa mizani. Kila kitu kina kitovu cha uzito, yaani nukta ambayo ukikitegemeza hapo hakielemei upande wowote. Injini lazima isukume kupitia nukta hiyo. Ikisukuma pembeni, chombo kitazunguka badala ya kwenda mbele. Meli ikipoteza sehemu, kitovu huhama. Kwa hiyo kila kipande kinachotarajiwa kuruka peke yake kinahitaji injini zilizopangwa kwa mizani yake, na meli nzima inahitaji mpangilio mwingine. Mchoraji asiyefikiria hilo huchora meli ambayo kila kijana aliyesoma fizikia ataicheka.

## Karakana ya Riruta

Kuna wanaodhani kazi hii ni ya studio tajiri za ng'ambo. Mifano ya meli katika filamu ya kwanza ya Star Wars, mwaka 1977, ilipambwa kwa vipande vya plastiki vilivyochomolewa kutoka vifaa vya kuchezea vya vifaru, ndege na magari. Vitu vinavyoonekana kama mabomba ya ajabu ya angani ni sehemu za vifaru vya kuchezea zilizobandikwa mahali pasipo pake.

Malighafi ya aina hiyo haikosekani kandokando ya Naivasha Road, kutoka Dagoretti Corner kupitia Riruta hadi Kawangware, ambako mafundi wa jua kali huchomelea mageti na wauzaji wa vyuma chakavu hurundika mashine zilizokufa. Msanii Cyrus Kabiru wa Nairobi amejulikana duniani kwa miwani anayoiunda kutokana na takataka kama hizo. Anayependelea kompyuta ana programu ya Blender ya kuchora vitu vyenye kina, ambayo hailipiwi. Upande wa filamu, Wanuri Kahiu alishatengeneza Pumzi mwaka 2009, hadithi ya Afrika Mashariki iliyobaki bila maji, na mwaka 2023 mkusanyiko wa katuni Kizazi Moto: Generation Fire ukawaleta pamoja waongozaji wa bara hili, akiwemo Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda.

Anayetaka kuunda meli yake anaweza kufuata utaratibu huu:

1. Andika sababu ya kuachana kwa sentensi moja. Ikizidi moja, punguza.
2. Chora kiungo peke yake, kikubwa, kijaze ukurasa. Onyesha kinachoshika, kinachoachia, na mlango wa watu kupita.
3. Orodhesha vinavyovuka kiungo: hewa, maji, umeme, mafuta, sauti, watu. Kila kimoja kipewe namna ya kufungwa.
4. Chora kila kipande kikiwa peke yake, kisha andika pembeni kitu kimoja ambacho hakiwezi kukifanya bila mwenzake.
5. Amua nani yuko wapi kiungo kinapoachia. Nahodha upande mmoja na mwanawe upande mwingine ni kisa kilichokwisha kuanza.
6. Mwisho kabisa, chora meli nzima kwa nje, na alama ya mahali inapokatikia ionekane.

Hatua ya nne ndiyo wengi huiruka, kwa sababu mchoraji huipenda meli yake na hutaka kila kipande kiweze kila kitu. Kipande cha namna hiyo hakina haja ya kurudi kwa mwenzake, na hadithi hufa papo hapo.

Ukubwa wa meli haujalishi. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilikuwa kisanduku cha sentimita 10 kila upande. Ilibebwa na roketi hadi kituo cha kimataifa cha angani, na tarehe 11 Mei 2018 ikasukumwa nje kutoka maabara ya Kijapani ya Kibo. Roketi yenye ngazi, kituo chenye vyumba vilivyounganishwa angani kimoja baada ya kingine, kisha kisanduku kikaachiwa: safari nzima ilikuwa ya viungo.

Basi mwenye daftari na achore kiungo chake kwanza, kisha ampe mwenzake akikague na kumuuliza pale pakikwama itakuwaje. Akikosa jibu, arudi kwenye karatasi kabla ya kupaka rangi.